Ndoto Haijibu Salamu

Wanawake wa benchi ndio wameniomba niandike haya. Benchi lenyewe ni lile la mbao nje ya chumba cha sindano, hapa Isiolo, ambapo nilikaa mpaka nikajua kila msumari wake. Juzi nilipita pale kumpelekea jirani uji, nikamkuta msichana mmoja mwembamba anakohoa ndani ya leso. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, na wewe ulikuwa unaota?" Nilijua mara moja anauliza nini. Kikohozi hakuna anayekiuliza, kila mtu anakisikia. Ni ndoto zinazokuja na vidonge ndizo mtu anazimeza peke yake. Kwa hivyo naandika, ingawa nimechoka, na mimi nikichoka huwa na maneno makali. Utanivumilia.

Naitwa Safia. Babu yangu, Msomali, alikuja huku na bunduki ya Mzungu begani, vita vikaisha, akabaki. Sisi wajukuu wake ni watu wa maduka na malori. Mume wangu Abdi ni dereva, anapeleka sukari na unga mpaka Sericho na kurudi na ngozi, na gari likikwama kwenye mchanga hatumwoni wiki nzima. Mama yake anakaa mtaa wa Chechelesi, kwa nyumba yake mwenyewe, na sisi sote tunamwita Ayeyo, yaani bibi. Mtoto wetu ni Halima. Halafu kuna Mama Akiru, Mturkana muuza makaa, jirani yangu ukuta kwa ukuta. Bila yeye ningerukwa na akili, na hilo nalisema waziwazi kwa sababu kuna watu wa ukoo wangu hawapendi kulisikia.

Kifua kikuu kilinishika mwishoni mwa miaka ya sabini, wakati wa kiangazi, vumbi likiwa mpaka ndani ya chai. Nilikohoa, nikasema ni vumbi. Nilikonda, nikasema ni kazi. Siku bangili zangu za harusi zilipotoka mkononi zenyewe nikiosha sufuria, zikazama kwenye maji machafu, nilikaa chini jikoni nikalia. Hospitali waliniandikia sindano kila asubuhi na vidonge juu yake, wakaniambia ukweli kwamba ni safari ndefu. Sindano ziliisha mvua za kwanza zilipoanza. Vidonge vilinifuata mvua zile, kiangazi kingine, mvua nyingine, na kiangazi tena.

Sitakudanganya kuhusu sindano. Makalio yalifanya mabonge, nikawa nakaa upande kama mtu anayesikiliza umbea wa jirani. Kichwa kilizunguka, nikatembea nimeshika ukuta. Kwenye benchi tulikuwa Waborana, Wasomali, Wameru na Waturkana, kila mtu na shuka mdomoni, tukiangaliana nani ameongeza nyama mashavuni. Yule ambaye hakuonekana wiki mbili hatukumtaja. Rehema zilikuwepo, ndogo ndogo. Sista mmoja alikuwa anakupapasa begani kabla ya kukuchoma. Abdi akirudi safari aliniletea maziwa ya ngamia yaliyochachuka, yananukia moshi, na hayo ndiyo pekee tumbo langu liliyoyakubali.

Halima alipelekwa kwa Ayeyo mwanzoni kabisa, kwa sababu ya kikohozi. Ndiyo kwanza alikuwa anaanza kusema maneno ya kueleweka. Sikubisha, hilo lilikuwa jambo la haki. Baada ya sindano kwisha na makohozi kupimwa, daktari aliniambia, "Sasa unaweza kulala na mtoto wako." Wallahi nilirudi nyumbani nakimbia, mimi ambaye jana yake nilikuwa nashika ukuta. Tulichinja kuku. Halima alilala kifuani kwangu akinusa shingo yangu kama ndama, na nikadhani mambo yameisha.

Ndipo ndoto zikaja. Sijui niseme ilikuwa moja au ni nyingi, maana ilikuwa ile ile. Nimesimama katikati ya laga, huu mto wetu wa mchanga usio na maji, nimembeba Halima. Mbingu ni nyeupe, jua kali. Halafu nasikia maji yanakuja kutoka juu, yale mafuriko ya mvua iliyonyesha mbali, milimani. Ukingoni wamesimama watu wangu wote: baba yangu marehemu, wajomba, Abdi, Ayeyo. Napiga kelele. Hakuna anayenyoosha mkono. Maji yanafika kiunoni, nami namkaza Halima, namkaza, namkaza.

Alasiri moja nililala naye wakati wa joto, kama watu wote wa mji huu wanavyolala. Nilizinduliwa na kofi. Ayeyo, aliyekuja kututembelea, alikuwa amesimama juu yangu, anavuta mikono yangu kwa nguvu zake zote, na Halima katikati yangu na yeye, midomo imebadilika rangi, hana hata sauti ya kulia. Mikono yangu ilikuwa imefungana mgongoni mwake. Mtoto alipopata pumzi na kulia, Ayeyo alimtupa begani na kuchukua viatu vyake.

"Hii si kifua tena," alisema. "Hii ni kitu ingine. Mtoto hatalala na wewe mpaka nione kwa macho yangu umepona."

Abdi aliporudi nilimwambia amrudishe mtoto. Alikaa mlangoni anavua viatu taratibu, vumbi la njia nzima liko kwenye kope.

"Safia, nilikuwa siko. Yeye alikuwepo. Unataka nimwambie nini?"

"Mwambie ni mtoto wangu!"

"Anajua," alisema. Halafu akalala pale pale kwenye mkeka, na viatu mkononi. Nilimchukia usiku ule. Sasa ninaelewa kwamba na yeye alikuwa amechoka, lakini wakati ule uchovu wote wa dunia niliuhesabu kuwa wangu.

Sasa nisikilize, wewe wa benchi. Kwetu, ukiota vibaya hutangazi. Unatema kidogo upande wa kushoto, pasipo mate, unajilinda kwa Mungu, unageuka ubavu wa pili, unanyamaza. Ni adabu nzuri na bado naifuata. Lakini mimi niliifanya kuwa kufuli. Sikumwambia daktari, sikumwambia mume. Ayeyo alinisomea Kurani kwenye maji nikanywa, na yeye pia sikumwambia ni ndoto gani. Nikaacha kulala. Nilikaa macho, nikakonda tena, nikasinzia kwenye benchi na kuamka nimemkaba mama wa Kimeru shingo ya gauni. Aibu yake, acha tu!

Mwishowe nilimwambia Mama Akiru. Hesabu yangu ilikuwa ya ajabu: yeye ni Mkristo, kwa hivyo kumwambia yeye si kumwambia mtu. Nilipomweleza hesabu hiyo alicheka mpaka akaweka gunia chini.

"Kwa hivyo mimi ni kama ukuta?"

"Ukuta wa kwetu sisi wawili, ndiyo."

"Basi ongea na ukuta, Mama Halima. Ukuta iko na masikio."

Nikaongea mpaka koo likakauka. Kesho yake alinisindikiza kwa daktari na kunisukuma mlangoni kwa kiwiko. Daktari hakunicheka. Alisema dawa huwaletea baadhi ya watu ndoto kali, akaniongezea kidonge kingine. Makali yalipungua. Lakini laga ilibaki pale pale, na maji yake, na watu wake ukingoni. Hata hivyo nakuambia: ukianza kuota, mwambie daktari siku hiyo hiyo, usifanye ujinga wangu.

Kilichonifungua kilikuja mvua za pili, alasiri, nje kunanyesha. Nililala, nikajikuta kwenye laga. Nilikuwa nimechoka kupiga kelele. Nimechoka kabisa, hata ndani ya usingizi. Kwa hivyo maji yalipoanza kunguruma sikusema "nisaidieni". Niliwatazama wale watu na kusema tu, kama mtu anayepita barabarani, "Salaam aleikum."

Hakuna aliyejibu.

Nilimtazama baba yangu. Huyu ni mtu aliyekuwa akiacha kijiko hewani ili arudishe salamu. Aligombana na kaka yake miaka, hawali pamoja, lakini salamu walijibizana, kwa sababu kuijibu ni wajibu na baba hakuwa mtu wa kucheza na wajibu. Na sasa amenyamaza, uso hauna hata haya. Nikasema moyoni, huyu si baba. Baba hawezi. Na kama huyu si baba, basi hii si laga, na mimi nimelala kitandani kwangu na mvua inanyesha juu ya mabati. Nilishtuka kwa furaha nikaamka.

Nilimgongea Mama Akiru ukuta. "Hawajibu salamu! Watu wa ndoto hawajibu!"

"Wako na tabia mbaya," alisema.

Hapo ndipo kazi yenyewe ilianza, na ilikuwa kazi ya kuchosha kuliko kuchota maji. Ukitaka kukumbuka jambo ndani ya usingizi, lazima ulifanye mchana mpaka mwili ulizoee. Nikaanza kutoa salamu kila nilipovuka mlango wowote, kisha nasubiri jibu, na jibu likija najiambia: uko macho. Niliwasalimu wauza miraa. Niliwasalimu watu ambao nilikuwa nimewasalimu dakika ile ile, kwa sababu nilikuwa nimetoka choo na kurudi. Wengine walisema Safia ameshika dini, wengine walisema amerukwa. Mama Akiru, ambaye maisha yake yote alikuwa anasema "habari", alijifunza kujibu. "Walekumu, walekumu," aliimba kutoka kwenye makaa yake. "Nikikunyamazia utafikiri unalala, unilalie barabarani."

Kujua kwamba unaota ni nusu tu. Mara za kwanza nilijua, nikafurahi, nikaamka, basi. Mara nyingine nilijua na bado maji yakanibeba. Mama Akiru ndiye aliyeleta wazo la mkate. Alisema, ukilala lala na mkate kifuani, tuone mikono inafanya nini. Basi kila alasiri mimi na mkate mzima tulilala, na Mama Akiru akaketi mlangoni akichambua mboga. Nikiamka mkate umekuwa bapa, alisema, "Leo tunakula chapati." Tulikula mikate iliyobondwa kiangazi kizima, na chai. Siku hizi siwezi kuona mkate uliosimama wima bila kumkumbuka.

Mbona ulibondwa, na mimi nilikuwa najua naota? Kwa sababu ya Halima. Nilisimama kwenye laga, nikatoa salamu, wakanyamaza, nikajua. Nikajiambia, Safia, huyu uliyembeba si Halima, Halima yuko Chechelesi anakula. Mwachilie. Na mikono haikukubali. Ana uzito wa Halima, ana harufu ya Halima, ananishika nywele kama Halima, na maji yanakuja. Wewe ungeweza? Niliamka mara nyingi najua kila kitu na mkate umekufa. Nilimwambia Mama Akiru kwamba sitaweza, kwamba wamchukue mtoto tu, wamlee. Aliweka mboga chini.

"Mimi nimezika wawili," alisema. "Najua mikono haitaki. Lakini yule wa laga haumwi na kitu. Yule wa Chechelesi ndiye anangoja."

Siku nilipoweza hapakuwa na shangwe. Maji yalikuja, nikatoa salamu, wakakaa kimya. Nikapiga magoti kwenye mchanga, nikafungua vidole kimoja kimoja, nikamweka chini. Nililia ndani ya ndoto, machozi ya kweli, mto wa kulalia ulilowa. Maji yalifika yakampitia, yakanipitia, nayo yalikuwa ya uvuguvugu kama ya kuogeshea mtoto. Nilipoamka mkate ulikuwa mzima. Mama Akiru aliuinua, akaugeuza huku na huku.

"Leo mkate imelala vizuri," alisema, na tukalia wote wawili kama wajinga.

Nilirudia mpaka ikawa tabia. Vidonge vikaisha, daktari akaniambia nimepona, bangili zikakaa mkononi. Sasa ilibaki Ayeyo. Na mimi, kwa woga, nikafanya kosa la adabu. Nilimtuma Mama Akiru Chechelesi akamwambie kwamba niko tayari, mtoto arudi. Mkwe mzima, kutuma jirani aombe mjukuu wa mtu! Ayeyo alimpa chai, akamshukuru, na kumrudisha bila neno.

Kesho yake nilikwenda mwenyewe, jua la saa saba, barabara tupu, mbuzi wamelala kivulini. Nilikuwa sijalala vizuri na kichwa kilikuwa kizito. Nikavuka mlango wa uani. Ayeyo alikuwa ameketi kwenye kigoda, tasbihi mkononi.

"Salaam aleikum," nikasema.

Alinitazama. Akageuza uso ukutani.

Nikasubiri. Kimya. Nikasema tena, na tena akanyamaza. Mwanamke ambaye hajawahi kuacha salamu hata ya mwendawazimu wa sokoni! Basi mwili wangu ukafanya kile nilichoufundisha. Nikajua, kwa uhakika wote, kwamba nimelala nyumbani kwangu na mkate kifuani.

Nikapumua. Ukiwa ndotoni hakuna adabu ya kuvunja.

"Ayeyo, nimechoka na wewe," nikasema. "Nimechoka kukuogopa. Ulimwokoa mtoto wangu, na sijakushukuru, kwa sababu nikikushukuru ni lazima niseme kwa mdomo wangu kwamba nilikuwa namuua. Ulifanya vizuri. Ningekuwa wewe ningefanya hivyo hivyo. Lakini unanitazama kama mwizi, na mimi ni mama. Kila siku nalala namwachilia ndani ya maji ili nimpate. Kila siku! Wewe umewahi kumwachilia mtoto wako ndani ya maji?"

Tasbihi ilisimama. Na ndipo Halima akatoka ndani anakimbia, amekua, miguu mirefu, akanirukia kiunoni. Nikasikia uzito ule, harufu ile. Nikajiandaa kwa maji. Nikapiga magoti, nikafungua vidole kimoja kimoja, nikamweka chini, nikarudi nyuma na mikono wazi.

Alinitazama, midomo inacheza. Ayeyo alikuwa amemfundisha mambo yote ya heshima, na labda alidhani nimekasirika kwa sababu salamu yangu haikujibiwa pale uani. Akasimama wima, akasema kwa sauti kubwa kama mtoto wa madrasa, "Waaleikum salaam, Mama."

Subhanallah. Mbuzi, jua, ukuta, yote yakawa ya kweli kwa mara moja. Nilikuwa macho. Nilikuwa macho muda wote, Ayeyo alikuwa amenuna tu kwa kutumiwa jirani, na maneno yale yote nilikuwa nimeyamwaga mchana mweupe mbele ya mama mkwe wangu. Nilijifunika uso kwa shungi. Nilitaka ardhi inimeze, na hapo hapo Halima alikuwa ameshaning'inia shingoni, na sikujua nilie au nicheke.

"Umemaliza?" Ayeyo aliuliza.

"Nimemaliza."

"Hakuna kingine?"

"Hakuna, Ayeyo. Nisamehe. Nilidhani nimelala."

Alikaa akiniangalia, lakini alikuwa anaangalia mikono yangu, jinsi ilivyomshika mtoto kwa ulegevu, vidole wazi. Kisha akainuka, magoti yakilia, akatandika mkeka kwenye kivuli cha ukuta.

"Nilisema mpaka nione kwa macho yangu," alisema. "Basi laleni. Wote wawili. Niwatazame."

Nililala na Halima kifuani, na yule mama juu ya kigoda chake, umbali wa mkono. Niliogopa kuliko nilivyoogopa sindano ya kwanza. Sikukawia kufika kwenye laga. Watu walikuwa ukingoni. Nikatoa salamu, wakanyamaza. Nikapiga magoti, nikamweka chini, nikamwachilia, maji yakaja, yakapita.

Nilipofumbua macho kivuli kilikuwa kimehama. Halima alikuwa amelala chali kando yangu, mdomo wazi, anakoroma kidogo. Mikono yangu ilikuwa wazi juu ya mkeka. Lakini sikuwa na uhakika tena. Baada ya kosa la saa saba ningekuwaje na uhakika na lolote? Kwa hivyo bila kuinua kichwa, kwa sauti ya kunong'ona, nikasema, "Salaam aleikum."

Kimya.

Kisha tasbihi ikagonga juu ya kigoda.

"Waaleikum salaam, binti yangu," Ayeyo alisema. "Uko macho. Lala tena, mtoto bado hajashiba usingizi."